Usiloweke vikonyo vya kahawa usiku kucha

Weka ndoo chini kwanza. Umesema uko Kalinzi, una maotea 400 ya kahawa (machipukizi ya kukatia vikonyo, yaani vipande vya kuotesha miche) na unga halisi wa IBA, homoni ya kuotesha mizizi, na muuzaji wa pembejeo kakuambia utie gramu 2 kwa lita 1, uloweke vikonyo usiku kucha. Unauliza pia udongo wa kitalu na mwezi wa kuanza. Ukiloweka hivyo, huo udongo utajaa vijiti vyeusi tu. Ushauri huohuo ulishanimalizia kitalu kizima, na aliyeutoa alikuwa ameshapokea hela yake.

Gramu 2 kwa lita ni kipimo cha kuchovya. Unachovya sentimita 1 ya mwisho wa chini, unahesabu sekunde 5, unatoa. Wanaoloweka saa 24 hutumia miligramu 20 hadi 200 kwa lita. Wewe unataka kuweka 2,000! Tena IBA haiyeyuki vizuri kwenye maji matupu, inayeyushwa kwanza kwenye spiriti, na spiriti ikikaa usiku mzima inaunguza tishu.

Elewa kinachotokea ndani. Jani na chipukizi hutengeneza auksini, homoni ya ukuaji (IBA nayo ni aina ya auksini), nayo husafiri kushuka hadi kwenye jeraha na kukusanyika hapo. Seli zilizo karibu na mishipa zinaipokea kama amri ya kuanza mzizi. Amri hiyo inahitajika kwa nguvu siku za mwanzo tu. Kichwa cha mzizi kikishajengeka, auksini nyingi inauzuia kurefuka, na inachochea gesi ya ethilini. Ndipo unaona kitako kinavimba, gamba linapasuka, halafu kinageuka cheusi kuanzia chini huku jani likiwa manjano. Muuzaji ataita ukungu akuuzie dawa nyingine.

Kwa hiyo: gramu 0.2 kwenye mililita 100 za spiriti, koroga mpaka isionekane chembe, ongeza maji ifike mililita 200. Hiyo ni gramu 1 kwa lita, inatosha kikonyo laini cha kahawa. Mimina kidogo kwenye kikombe, usichovye kwenye chupa yenyewe. Kila kikonyo kibaki na jani lililokatwa nusu, maana bila jani auksini yake ya asili na sukari vimekwisha. Baada ya sekunde 5 kiache kikauke dakika chache, ndipo uchomeke, upande wa chini ukiwa chini.

Wiki za mwanzo ukikuta uvimbe mweupe kitakoni bila mzizi, usichovye tena. Kahawa huchukua miezi 3 hadi 4 kutoa mizizi.