Mwanangu Nabwire, kuhusu yule binti wa zamu ya usiku

Mwanangu Nabwire,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya tatu niliisoma kwa sauti ili mama yako asikie, naye hakusema neno, akainuka kwenda kuchochea moto uliokuwa ukiwaka vizuri tu. Unamjua.

Unasema binti wa miaka 17 aliletwa zamu yako, damu inamtoka, ametoa mimba kwa vidonge alivyouziwa dukani. Mwenzako akataka polisi waitwe kwanza ndipo aguswe. Wewe ukavaa glavu, ukamtundikia maji, ukamsafisha kizazi, na tangu usiku huo hupati usingizi. "Baba, je, nimeshiriki dhambi yake?"

Hapana, mwanangu. Mtoto alikuwa amekwisha kufa kabla hujaitwa, na kuondoa mabaki ambayo yangemwozea mama tumboni si kutoa mimba. Kumbuka mama yako na ule mrija wake mwaka 1990, kisa ambacho shangazi zako hawachoki kukisimulia. Mimba ilitunga nje ya kizazi, mrija ukapasuka, akafanyiwa upasuaji usiku uleule. Nilimwendea padre natetemeka, nikamuuliza kama tumeua. Akaniambia daktari alikata mrija uliopasuka ili damu isimmalize mama. Kifo cha mtoto hakukikusudia, na hakuna mkono wa binadamu ambao ungeweza kukizuia. Kanisa linatenganisha mambo hayo mawili, nawe yatenganishe ulale.

Lakini hilo neno lako, kushiriki, limenikalia kooni tangu Jumanne.

Unajua ninachoamini, maana nimekiimba katika nyumba hii tangu hujajua kutembea: mtoto hangoji tumkubali ndipo awe mtu. Sikukitunga mimi. Wakristo wa mwanzo kabisa, katika kile kitabu kidogo cha Didake, waliagizwa waziwazi wasiue mtoto kwa kutoa mimba, na hapo waliishi kati ya Warumi waliotupa nje hata vichanga vilivyokwisha kuzaliwa. Tertuliano wa Kartago, mtu wa Afrika hii hii yetu, aliandika kwamba atakayekuwa mtu ni mtu tayari. Na kabla yao yupo Elisabeti, mama yake Yohane Mbatizaji, mimba ya miezi sita, kitoto kikaruka tumboni aliposikia salamu ya Mariamu. Mimba ya Mariamu mwenyewe ilikuwa changa mno, huenda hata haijaonekana kwa macho ya mtu. Hapo ndipo huwa nasimama kidogo nikifundisha. Changa namna hiyo, na tayari mwenzake tumboni anamtambua.

Ndivyo nilivyokuwa nafundisha mwaka 1995. Nikusimulie, ingawa nusu yake unaijua, na ile nusu nyingine nadhani mama yako amekuficha kwa heshima yangu.

Mwaka ule nilipata furaha mbili. Machi, Papa Yohane Paulo wa Pili alitoa waraka wake wa Injili ya Uhai. Oktoba, Katiba yetu mpya ya Uganda ikatangazwa, na ibara ya 22 ikasema hakuna mtu mwenye haki ya kukatisha uhai wa mtoto ambaye hajazaliwa, isipokuwa sheria iwe imeruhusu. Nilikuwa nimefuatilia mijadala ile redioni, betri zikiisha nguvu nazianika juani. Nilijiona kama mtu ambaye timu yake imeshinda.

Na Septemba, katikati ya furaha hizo mbili, nilimfukuza yule binti shuleni.

Jina lake sitalitia kwenye karatasi. Unamjua, ndiye yule anayeuza mukene, wale dagaa wa ziwani, kule Majanji. Alikuwa darasa la saba, hodari wa hesabu, amekwisha kuandikishwa mtihani wa mwisho. Muhula ulipofunguliwa tuliita nesi awapime wasichana, kama shule nyingi zilivyofanya: wanapangwa mstari, wanabonyezwa tumbo mmoja mmoja. Nesi akaja kuninong'oneza. Nami, mwalimu mkuu na katekista, nikamsimamisha mbele ya paredi nzima. Nilisema maneno. Sitayaandika. Alikuwa ameshika daftari zake kifuani kwa mikono miwili, anaangalia vidole vya miguu yake, na nilipomaliza akatoka getini peke yake. Hakuna aliyemfuata. Hata mimi sikuuliza anakwenda wapi. Jumapili iliyofuata nilifundisha amri ya tano, usiue, na nilifundisha vizuri.

Aliyempa mimba alikuwa kijana wa dukani. Alivuka mpaka akaenda zake Kenya. Huyo hakusimamishwa mbele ya paredi yoyote, na mpaka leo nikimkumbuka damu inanichemka.

Wiki ya tatu nilimwona binti akipitishwa mbele ya nyumba yetu kwenye boda, zile boda za baiskeli za wakati ule, bibi yake anakimbia pembeni amemshika kiuno asianguke, leso imelowa. Alikuwa amenyweshwa mizizi. Masista wa zahanati walimpokea bila kumuuliza neno, kama ulivyofanya wewe. Alipona. Hakupata mtoto tena.

Baada ya siku chache yule bibi akaja kwangu. Hakupiga kelele, na natamani angepiga. Alisimama mlangoni, akakataa kiti, akasema kwa Kisamia, polepole, kama anayemwelekeza mgeni njia: "Mwalimu, wewe ndiye uliyetufundisha kwamba mle tumboni mna mtu. Basi siku ile ulifukuza watu wangapi?"

Nabwire, nilikuwa nimemhesabu mmoja. Mimi, wa mtoto hangoji tumkubali ndipo awe mtu.

Nilirudi kwenye ule waraka wa Papa, mahali ambapo nilikuwa nimepita haraka. Namba 59 inasema hatia haiwi ya mama peke yake. Inamtaja baba wa mtoto, anayemsukuma mwanamke au anayemwacha peke yake na mzigo. Inataja jamaa na marafiki. Mwalimu mkuu hakutajwa, lakini nilijiona pale.

Je, mimi ndiye niliyeitoa mimba ile? Mchana nasema hapana. Bibi yake angemlea yule mtoto, alikuwa amelea wengine. Aliyechemsha mizizi alijua anachochemsha. Tukisema kila mtu amehusika, mwisho wake atatokea mtu aseme hakuna aliyefanya, na mtoto atakuwa amekufa bila kuuawa na yeyote. Hilo silikubali. Usiku nasema: mtoto wa miaka 15, ameaibishwa mbele ya shule nzima na mtu aliyemfundisha kusali, alikuwa na njia gani machoni pake? Kisha asubuhi naanza upya.

Usidhani nimelainika. Kilichotokea tumboni mwake, na tumboni mwa binti uliyemtibu, ni kifo cha mtoto, na sitatafuta neno jingine jepesi zaidi. Siku hizi nasikia watu wakizungumzia habari ya msichana tu, masomo yake, maisha yake ya mbele, na huyo wa pili hatajwi hata mara moja. Huruma ya namna hiyo inaniogopesha. Lakini ukali wangu wa mwaka 1995 nao haukumtaja. Ndicho kinachoniuma: mimi na watu ninaowapinga tulikuwa tumemsahau mtoto yuleyule.

Mtakatifu Basili wa Kaisaria, yule aliyejenga nyumba ya wagonjwa, alikataa kabisa kubishana kama mimba ilikuwa imekwisha kuumbika au bado. Aliyeitoa makusudi ameua, basi. Lakini palepale anasema mwanamke huyo asiwekwe katika toba mpaka siku ya kufa. Miaka 10 itoshe, na kupona kwake kupimwe kwa namna anavyotubu, wala si kwa kuhesabu miaka. Nilikuwa naisoma sehemu ya kwanza na kufunga kitabu. Leo hata hiyo miaka 10 haipo. Mwaka 2016 Papa Fransisko aliwapa mapadre wote ruhusa ya kuondolea dhambi hiyo. Mwambie yule binti, ila usimwambie akiwa na dripu mkononi. Mwambie atakapouliza.

Shule zilipofunguliwa Januari 2022 baada ya korona, serikali iliruhusu wasichana wenye mimba warudi darasani. Wazee wenzangu wa parokia walinung'unika kwamba tunafundisha uasherati. Nilinyamaza muda mrefu kwenye kikao kile, kisha nikasimama nikasema safari hii tuhesabu wawili. Mama yako anasema sauti yangu ilikatika. Mimi sikumbuki.

Sasa mwenzako na polisi. Hukuniuliza, lakini umemwandika mara nne, kwa hiyo najua unaniuliza. Sheria inampa mwanamke miaka 7 na aliyemtoa mimba miaka 14, na mimi sitaki sheria hiyo ifutwe, maana ikifutwa nani atamtetea asiye na sauti? Tena yule muuza vidonge, huyo natamani nimwone mahakamani. Lakini polisi akisimama kando ya kitanda, binti atakayefuata hatakuja kwako. Atafia nyumbani, chini ya blanketi, na bibi yake pembeni. Na bado sheria ni sheria, na mtoto ni mtoto. Unaona? Nina jibu, mkono unaniwasha kuliandika, na nimelifuta mara mbili. Wewe ndiye unayesimama pale usiku. Mara ya mwisho nilipotoa hukumu haraka juu ya msichana mwenye mimba, nilikuwa na uhakika sana.

Wiki iliyopita nilikwenda Majanji kununua samaki. Aliniona kwa mbali, akaacha wateja wake, akaja akapiga magoti palepale kwenye matope kunisalimu, kama anavyofanya kila mara. "Karibu, mwalimu." Akanipimia mukene zaidi ya pesa niliyotoa. Miaka 30 nimetafuta namna ya kumwomba asinipigie magoti, na sijapata maneno.

Niambie huyu wa kwako amekwenda wapi baada ya kuruhusiwa. Wazazi wake wamempokea? Hilo hukuliandika, nami safari hii nataka kujua. Kama hana pa kwenda, chumba cha kaka yako ki wazi; mama yako amekwisha kutoa magunia ya mahindi na kuanika godoro, na wala sikumwambia afanye hivyo. Mpandishe teksi ya asubuhi hapo Mbale. Nitamngojea stendi ya Busia mwenyewe.

Baba yako