Dawa ileile, kipimo kilekile: mbona viroboto wa maji wengine hawafi?

Ndugu, umesema viroboto wa maji kutoka bwawa la kwanza wamekufa wote, na wa bwawa la pili bado wanaogelea kwenye kiuatilifu kilekile, ndiyo maana unashuku ulikosea kupima. Mimi nimewafuga maabara kwa miaka kadhaa, na sidhani kosa ni lako.

Dafnia (ndiye huyo kiroboto wa maji) jike, hali ikiwa nzuri, huzaa bila dume. Watoto wanakuwa nakala ya mama. Niliwahi kuwa na koo mbili za namna hiyo: maji yaleyale, mwani uleule, joto la nyuzi 20. Nikawawekea klopirifosi, dawa ya kuua wadudu. Baada ya saa 48, ukoo mmoja ulikuwa umelala chini ya gilasi. Nikitikisa taratibu, hainuki hata mmoja. Wa pili walikuwa wakirukaruka, tumbo la kijani kwa mwani.

Dawa hiyo hukikamata kimeng'enya kinachotuliza neva baada ya kupeleka ujumbe. Kikishikwa, neva zinapiga mfululizo mpaka mdudu anaishiwa nguvu. Sasa, kuna koo ambazo kimeng'enya chao hakishikiki kwa urahisi, na nyingine huivunja sumu haraka mwilini. Bwawa likiwa jirani na mashamba yanayopuliziwa dawa mara kwa mara, hao ndio wanaobaki kuzaa. Uliza kwanza historia ya mabwawa yako.

Mayai yao ya akiba nayo yananishangaza kila nikiyaona. Yanakaa kwenye tope miongo kadhaa, kisha yanaanguliwa, hivyo unaweza kuwapima wa zamani na wa leo pamoja.

Ustahimilivu huo una gharama, na naona watu hulisahau hili. Kwenye majaribio ya kabarili, dawa nyingine ya wadudu, koo zilizostahimili dawa zilionekana kushambuliwa zaidi na Pasteuria ramosa, bakteria anayewafanya wasizae.

Kabla hujaamua kuwa ni urithi, angalia umri na chakula. Mimi niliwahi kuchanganya watoto wa siku moja na wa siku nne, nikatupa kazi ya wiki nzima, maana wadogo hufa mapema. Tumia waliozaliwa ndani ya saa 24 tu. Tena usiwapime waliotoka bwawani moja kwa moja: mama aliyeshinda njaa huzaa watoto tofauti na aliyeshiba. Wafuge wa pande zote mbili katika hali ileile, bila kuwachanganya, kwa vizazi viwili au vitatu, ndipo urudie. Tofauti ikibaki, hiyo ni ya damu.