Mijakaranda haichanui Julai

Umeniuliza kama mhusika wa hadithi yako anaweza kutembea chini ya mijakaranda iliyochanua Nairobi mwezi wa Julai. Hapana, hawezi. Maua yale ya zambarau hutoka kuanzia Septemba na kushamiri Oktoba, mvua za vuli zikikaribia. Nimekulia hapa na huyaona kila mwaka. Mti mmoja mmoja huweza kuwahi, lakini barabara nzima, la.

Julai ya Nairobi ina sura yake, na mimi naona ni nzuri zaidi kwa hadithi yako ya huzuni. Tuko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo ni baridi kweli: wingu la kijivu tangu asubuhi, siku nyingine jua halionekani kabisa. Mama mboga amevaa sweta, juu yake amejifunga leso, na anayesubiri mahindi ya kuchoma anasogeza viganja kwenye jiko kabla hajatoa pesa. Ndani ya matatu madirisha yamefungwa yote, vioo vimejaa ukungu wa pumzi za abiria. Hapo msomaji atasikia baridi bila wewe kuitaja.

Rekebisha na ile jioni uliyoiandika, yenye mwanga hadi saa mbili usiku. Tuko karibu na ikweta, jua huzama mnamo saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima na giza huingia upesi. Kama maua ni ya lazima, hamishia tukio Oktoba.