Mshahara wa Doha na kodi ya Marekani

Kaka, umeuliza kama dola 95,000 unazolipwa Doha zitakatwa kodi Marekani kwa sababu una pasi yao. Ritani (taarifa ya kodi ya kila mwaka) lazima upeleke, hilo halikwepeki. Msamaha wa kodi kwa mshahara wa nje upo, ila hauji wenyewe: unaudai kwa kujaza Fomu 2555 na kuiambatanisha na Fomu 1040, yaani ritani yenyewe. Kwa mwaka 2025 kikomo ni dola 130,000, kwa hiyo ukitimiza mwaka mzima, mshahara wako wote unaingia.

Kinachowaangusha wengi ni hesabu ya siku. Kituo chako cha kazi kiwe huko nje, nawe uwe katika nchi ya kigeni siku 330 kamili ndani ya miezi 12 mfululizo (si lazima ianze Januari). Siku kamili ni saa 24, kuanzia usiku wa manane. Ukitua Chicago saa tano usiku kuwahi harusi, siku hiyo imeshaliwa. Tunza tiketi zako.

Pango unalopokea kwa nyumba unayopangisha kule na riba ya benki havimo kwenye msamaha huu. Na ukijiajiri, ile asilimia 15.3 ya hifadhi ya jamii na Medicare (bima ya afya ya wazee ya Marekani) iko palepale.