Kondoo Wameongezeka, Mchungaji ni Yule Yule

Kati ya barua zilizofika kwa ajili ya safu hii nimechagua tatu. Zimeandikwa na watu wasiofahamiana, lakini zote zinazungumzia kanisa lililokua kuliko walivyotazamia wale walio ndani yake. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu hizo nyingine mbili zimezaliwa humo.

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Baba. Mimi ni mchungaji wa usharika wa Kilutheri pembezoni mwa Dar es Salaam. Nilipopangiwa hapa miaka minane iliyopita tulikuwa washarika 140, tukisali katika banda la mabati, nami nilimjua kila mtu kwa jina, kwa kazi yake na kwa shida zake. Leo daftari lina washarika 1,200, ibada za Jumapili ni tatu, na kamati ya ujenzi imeanza kuzungumzia roshani ya kuongeza viti. Kila anayekuja kututembelea ananipongeza. Mwezi uliopita nilimzika mama mmoja aliyekuwa akihudhuria ibada ya kwanza kwa miaka mitano, na ambaye muda wote huo mimi ndiye niliyempa Chakula cha Bwana. Nilisoma wasifu wake kwenye karatasi niliyopewa nikiwa njiani, na kaburini nikamtaja kwa jina la dada yake aliye hai. Tangu siku hiyo nimejiwekea utaratibu wa kutembelea nyumba moja kila jioni, lakini nachoka, mahubiri nayaandika usiku wa manane, na orodha haipungui. Nifanyeje ili niwajue tena watu wangu?
Mchungaji, Dar es Salaam

JIBU: Milele na milele, Amina. Mchungaji mwenzangu, kabla ya mengine yote, rudi katika nyumba ile. Usiende na msafara wa wazee wa kanisa, wala usitangulize bahasha ya rambirambi. Nenda peke yako jioni, keti pale watakapokukaribisha, waombe radhi kwa kosa la jina, kisha waombe wakusimulie habari za marehemu tangu utoto wake, nawe usikilize mpaka mwisho. Watu wetu husamehe kosa la msibani upesi kuliko tunavyodhani, ila hawamsahau mchungaji aliyejifanya kwamba halikutokea.

Baada ya hapo tufanye hesabu. Washarika 1,200, tukikadiria watu watatu katika kila kaya, ni kaya 400. Ukitembelea nyumba moja kila jioni, Jumapili ikiwemo, pasipo kuugua wala kuitwa msibani, utahitaji siku 400, yaani zaidi ya mwaka mzima, na utakapoifikia nyumba ya mwisho wale wa mwanzo wa orodha watakuwa wamekwisha kuhama, kwa maana mpangaji wa mjini huhama mara kodi inapopanda. Hesabu ya namna hii haiponywi na bidii, na ukizidi kuongeza bidii kitakachopungua ni mahubiri, kisha afya yako, kisha subira yako kwa watoto wako mwenyewe.

Niruhusu nikusimulie jambo ambalo sikupenda kulisimulia nilipokuwa bado kazini. Mzee mmoja katika usharika niliokuwa nikiuhudumia alianguka akavunjika nyonga. Nilipata habari zake baada ya siku tisa, nikaacha kila kitu nikaenda mbio. Nikakuta jumuiya yake, yaani kikundi cha washarika majirani wanaosali pamoja, imekwisha kujipangia zamu: wako waliomchotea maji, wako waliompikia, na mwenyekiti wa jumuiya, fundi cherehani ambaye kisomo chake kiliishia darasa la saba, alikuwa akienda kila jioni kumsomea Zaburi. Mzee akanipokea kwa furaha, akaniambia, "Karibu sana Mchungaji, ila ungepumzika tu, hapa mimi ninaangaliwa." Nilisali naye, nikaaga, nikatoka pale nimenuna. Njiani nilijiambia kwamba ninasikitika kwa sababu nimechelewa, na ilinichukua muda mrefu kukiri kwamba nilinuna kwa sababu sikuhitajika. Huzuni uliyonayo naamini inatoka katika upendo wa kweli kwa watu, lakini ichunguze kidogo, uone kama hamna ndani yake na kile kingine.

Ushauri aliopewa Musa na mkwewe Yethro, wa kugawa kazi yake kwa wasaidizi, katika Kutoka sura ya 18, bila shaka umekwisha kuusikia katika kila semina ya viongozi, kwa hiyo sitaurudia. Ninapenda zaidi Matendo ya Mitume sura ya 6, kwa sababu pale kanisa liliingia matatani kwa sababu hasa ya kuongezeka: wanafunzi walipozidi kuwa wengi, Wayahudi wa Kiyunani walinung'unika kwamba wajane wao wanasahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakuahidi kuamka mapema zaidi ili wapange meza vizuri zaidi. Walisema waziwazi kwamba haiwapasi kuliacha neno la Mungu wakahudumu mezani, wakawataka ndugu wachague watu saba walioshuhudiwa kuwa wema. Sasa yatazame majina ya hao saba: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao. Yote ni majina ya Kiyunani. Kama ninavyolisoma mimi neno hili, kazi ya kugawa ilikabidhiwa watu wa upande ule ule uliokuwa ukilalamika kwamba umesahauliwa. Fungua basi orodha ya baraza lako la wazee, uhesabu ni wangapi wanaosali ibada ya tatu, wangapi ni wapangaji, na wangapi walifika baada ya banda la mabati kubomolewa. Nadhani utakuta kwamba mama yule uliyemzika hakuwa na mtu wake hata mmoja katika baraza, na ndiyo maana karatasi ya wasifu ilikufikia njiani.

Utaniambia kwamba jumuiya unazo tayari, nami sina shaka unazo, kwa kuwa hakuna usharika mjini usiokuwa nazo kwenye karatasi. Tatizo ni kile ambacho tumezigeuza kuwa. Katika sharika nyingi jumuiya imekuwa mahali pa kupigia muhuri: mtu haonekani mwaka mzima, lakini akitaka kubatiza mtoto au kufunga ndoa anakwenda kumtafuta mwenyekiti aweke sahihi kwenye fomu, na mwenyekiti naye analipiza kisasi kidogo kwa kumzungusha. Jambo hilo huwafundisha watu kwamba jumuiya ni kizuizi cha barabarani. Tena tunazipangia kukutana alfajiri, saa ambayo nusu ya watu wako kituoni wakigombea daladala, halafu tunahubiri kwamba watu wamepoa kiroho. Ongea na watu wa kila eneo wachague siku na saa yao wenyewe, hata kama ni Jumapili saa kumi jioni, na kila jumuiya inayozidi kaya 15 igawanywe kabla haijawa mkutano wa hadhara.

Bruno Gutmann, mmisionari wa Kijerumani aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902 na kuhudumu kwa miaka mingi Old Moshi, aliujenga usharika juu ya mambo matatu aliyoyakuta yakiwashikamanisha Wachagga: ukoo, ujirani na rika. Wapo waliomkosoa kwamba alishikilia mno mambo ya kale, na baadhi ya lawama hizo nazikubali, lakini aliona sawasawa kwamba watu hushikana mahali ambapo maisha yao yamekwisha kukutana. Wewe ukoo na rika hunavyo, kwa sababu washarika wako wametoka mikoa yote. Umebakiwa na ujirani peke yake, na ujirani wa mjini haumei wenyewe, hupandwa.

Kisha tazama zile bahasha za ahadi, ambazo washarika hutolea sadaka walizoahidi. Mwaka 1742, mjini Bristol nchini Uingereza, Wamethodisti walikuwa na deni la jengo lao la ibada. Mmoja wao akapendekeza kila mtu atoe peni moja kwa wiki, watu wagawanywe katika makundi ya watu wapatao 12, na mmoja wa kila kundi apite kuzikusanya peni hizo. Waliopita wakarudi kwa John Wesley, kiongozi wao, na habari ambazo hakuna aliyewatuma kuzitafuta: nani anagombana na mkewe, nani amerudia ulevi. Wesley akatambua kwamba alikuwa amepata alichokitafuta siku nyingi, na makundi ya kulipia deni yakageuka kuwa makundi ya malezi. Sikushauri ugeuze wakusanya bahasha kuwa wapelelezi. Ninachosema ni kwamba katika usharika wako wapo watu ambao tayari wanaingia kila nyumba, kama mweka hazina wa jumuiya, mwalimu wa shule ya Jumapili na yule mama wa kwaya anayegawa sare, na kwamba hakuna aliyewahi kuwauliza wameona nini zaidi ya fedha na vitambaa.

Wape kazi yenye uzito. Mwenyekiti wa jumuiya alete kila Jumatano habari za wagonjwa, waliofiwa na waliohamia, na mtu wa kwanza kusali na mgonjwa awe yeye, wewe ufike baadaye. Mwinjilisti aongoze maziko ambayo si lazima uwepo, nawe uwaeleze watu mapema kwamba maziko hayo si ya daraja la pili. Wamisionari wa Kijerumani walipoondolewa Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, sharika nyingi za Kilutheri zilibaki mikononi mwa walimu na wainjilisti wenyeji, nazo hazikufa. Ni ajabu kwamba sisi tuliolelewa na watu wale tunaona aibu kumtuma mwinjilisti makaburini.

Na wewe ubaki na nini? Kaya 400 zitakupa jumuiya kama 30, na ukihesabu mwenyekiti na msaidizi wake katika kila moja, hao ni watu 60. Hao wafahamu kama ulivyowafahamu wale 140 wa banda: nyumba zao, watoto wao, madeni yao. Darasa la kipaimara usimwachie mtu mwingine, hata kama una msaidizi hodari, maana kijana unayemfundisha hadi siku ya kuwekewa mikono hukuletea nyumba nzima. Na baada ya ibada simama mlangoni. Ukiona sura usiyoijua, uliza jina, na ukilisahau Jumapili inayofuata, uliza tena bila haya.

SWALI: Mimi ni mzee wa kanisa, nina miaka 71. Usharika wetu ulianza chini ya mwembe, na kiwanja tulikinunua sisi kwa kuuza mbuzi na korosho. Leo wageni wenye magari wameingia katika kamati zote, wanaongea habari za bajeti na projekta, na mwembe wetu umekatwa ili pawe na maegesho. Je, ni halali sisi tulioanzisha kanisa kuwa wageni ndani yake?
Mzee wa Kanisa, Mtwara

JIBU: Shikamoo Mzee. Kukatwa kwa mwembe kulihitaji walau kikao na ninyi, na waliouamuru walifanya haraka isiyo na adabu. Hilo nakubaliana nawe bila kuuma maneno. Kuhusu kamati siwezi kukufuata hadi mwisho. Mbuzi wale mliwauza ili watu waje, nao wamekuja, wakiwa na magari yao na maneno yao. Ombeni kwa mchungaji mpewe siku moja kila mwaka, katika kumbukumbu ya kuanzishwa kwa usharika, ambapo wazee waliosalia watasimulia habari za mwanzo mbele ya watu wote, na simulizi hizo ziandikwe katika kitabu cha kumbukumbu cha usharika wakati ninyi mngali hai. Tena msingoje mtu wa kamati aje kuwauliza: mchukueni kijana mmoja wa hao wenye projekta, mketishe nyumbani kwako, umweleze kiwanja kilipatikanaje na mpaka wake unaishia wapi. Siku jirani atakapodai sehemu ya ardhi ya kanisa, ushahidi wenu ndio utakaotafutwa.

SWALI: Mume wangu ni mchungaji. Simu yake inaita kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa sita za usiku, na sebule yetu imekuwa ofisi. Nikimwambia apumzike ananijibu kwamba watu watasema amebadilika tangu kanisa likue. Nimshauri nini?
Mama Mchungaji, Morogoro

JIBU: Mama, watasema, tena watasema kwa mwezi mmoja hivi. Usimshauri peke yako, kwa kuwa akikusikiliza lawama zitakurudia wewe. Mwombe mwenyekiti wa baraza la wazee alilete jambo hili kikaoni, baraza liamue kwamba Jumatatu ni siku ya mchungaji kupumzika, uamuzi huo usomwe katika matangazo ya ibada zote, na itajwe namba ya mwinjilisti atakayepokea habari za misiba na wagonjwa siku hiyo. Kuhusu sebule, waombeni wazee hao hao wamtafutie chumba kanisani hata kama ni stoo ya viti vya plastiki. Na wewe, Jumatatu hiyo, usiipokee simu yake kwa kumwonea huruma anayepiga, kwa sababu watu wakijua kwamba unapokea watazoea kupitia kwako, na kufikia Krismasi mtakuwa wawili mnaohitaji siku ya mapumziko.