Kupe wa mbwa wa jirani

SWALI: Shikamoo Bi Nesi. Nakaa Raskazone, na jirani yangu anafuga mbwa wawili wa ulinzi. Juzi nimemtoa mwanangu wa miaka 4 kupe nyuma ya sikio. Wifi yangu yuko Arizona, akaniambia huko watoto wanalazwa kwa homa ya kupe na wengine wanafia wodini. Tangu hapo silali. Mama Nasri, Tanga.

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza lala. Ugonjwa anaousema wifi yako ni homa ya madoa ya Rocky Mountain, na bakteria wake ni wa bara la Amerika, huku hawapo. Ila kupe anayeusambaza Arizona, na ng'ambo ya mpaka kule Sonora, Meksiko, ni kupe wa kahawia wa mbwa, ndiye huyo huyo aliyejaa masikioni mwa mbwa wa jirani yako. Kupe mmoja, mzigo tofauti.

Kinachowamaliza watoto kule ni siku zinazopotea. Dawa yake ni doksisaiklini. Ikianzwa kabla siku 5 za homa hazijapita, wengi wanapona. Ikichelewa hapo, mtoto anafika wodini ana degedege au hajitambui, figo zimelemewa, na walio chini ya miaka 10 ndio wanaoumia zaidi. Siku zinapotelea wapi? Wanangoja madoa, nayo hutoka siku ya pili mpaka ya nne, na kuna watoto hawayatoi kabisa. Wengine wanaiogopa dawa kwamba itaharibu rangi ya meno. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya watoto 58 waliowahi kuinywa kwa siku chache kabla ya kutimiza miaka 8: meno yao hayakuwa na doa la dawa.

Huku kwetu wa kuogopwa ni papasi, aina ya kupe anayeleta homa ya papasi, yule wa kwenye nyufa za nyumba za udongo, anayeuma usiku watu wamelala. Nikiwa wodi ya watoto, sitaji wapi, tuliletewa binti wa miezi 8. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu, akapewa dawa ya malaria vivyo hivyo. Homa ikashuka, tukampa ruhusa, tukajiona mabingwa. Baada ya wiki moja karudi anachemka. Bibi yake, aliyekuwa ameketi sakafuni anakunja khanga, akasema taratibu, "Sisi twalala chini, na papasi wamo ukutani." Tangu siku ya kwanza yule bibi alikuwepo, na hakuna aliyemuuliza, mimi nikiwemo. Wa maabara akachukua damu homa ikiwa juu, akaniita kwenye darubini: vijidudu vyembamba vimejisokota kama uzi uliofumuliwa, katikati ya chembe za damu.

Alipona. Lakini saa chache baada ya dozi ya kwanza alitetemeka hata kitanda kikalia, na presha ikashuka. Hiyo hutokea vijidudu vikifa kwa wingi mara moja, ndiyo maana homa ya papasi haitibiwi kwa vidonge vya duka la dawa. Vichanga na wajawazito ndio inaowaua zaidi.

Sasa Nasri. Ukimkuta tena na kupe, usimpake mafuta ya taa wala kumchoma na kiberiti, mambo ya bibi zetu hayo. Mshike kwa kibanio cha nyusi karibu kabisa na ngozi, vuta moja kwa moja bila kusokota, kisha osha kwa sabuni. Andika tarehe kwenye kalenda. Ndani ya wiki mbili akipata homa, au pale alipoumwa pakafanya gaga jeusi, mpeleke siku hiyo hiyo, na kabla hujaulizwa sema: nilimtoa kupe tarehe fulani.

Na jirani, mpelekee mahamri na mbaazi kwanza. Akishamaliza kula ndipo umtajie habari ya kuwaogesha mbwa wake dawa ya kupe.