Muulize Anko: Hivi Kweli Kuna Sikukuu ya Vijiti vya Biskuti?

SWALI: Anko shikamoo. Kila ikifika tarehe 11 mwezi wa 11 simu yangu inajaa Wajapani wameshika vijiti vya biskuti vyenye chokoleti, wengine wamevining'iniza mdomoni kama meno ya tembo, eti ni Siku ya Pocky. Hii ni sikukuu ya ukweli au watu wameamua tu? Na kwa nini tarehe hiyo? – *Mla Biskuti*

JIBU: Marahaba mwanangu. Ipo kweli na ina tarehe yake, ila usidhani ofisi zinafungwa, siku hiyo watu wanaenda kazini kama kawaida na paketi yao mkobani. Tarehe utaielewa ukichukua karatasi ukaandika 11/11 halafu ukaziangalia hizo moja nne zilivyosimama wima. Vijiti vinne. Ndo hivyo, utani wote umeishia hapo, na kuna watu wazima wenye tai shingoni walikaa kikao wakaupitisha.

Wenye biskuti ni kampuni ya Ezaki Glico ya Osaka. Kabla ya Pocky walikuwa na kijiti kingine kinaitwa Pretz, hakina chokoleti, wakawaza tukipake chokoleti basi, tatizo ukikipaka chote mlaji anabaki na vidole vimechafuka, ndo wakaacha kipande cha mwisho kitupu cha kushikia. Pocky ikaingia sokoni 1966. Na jina lenyewe limetokana na mlio, kijiti kikikatika masikio ya Wajapani yanasikia "pokkin".

Siku yake ilianza 1999, na huo mwaka hawakuuokota barabarani. Japani wana hesabu yao ya miaka inayokwenda na mfalme aliyepo, na kwa hesabu hiyo 1999 ulikuwa mwaka wa 11 wa enzi ya Heisei, kwa hiyo tarehe ikasomeka 11/11/11, vijiti sita badala ya vinne. Tena kuna chama kabisa cha kusajili siku za namna hii, kipo tangu 1991, unapeleka siku yako na sababu yake, wakiikubali unalipa ada na inaingia kwenye orodha. Siku ya Pocky na Pretz imo. Na kwa wanaopenda hesabu, enzi ya sasa ya Reiwa ilianza 2019, sasa hesabu kwa vidole mwaka wa 11 unaangukia lini. 2029. Nina hamu ya kuona hao jamaa watafanya vituko gani.

Kiki ya kibiashara? Ndiyo, tena ya waziwazi. Ila watu wameipokea kwa mikono miwili, mwaka 2013 jina la Pocky lilitajwa Twitter zaidi ya mara milioni 3.7 ndani ya saa 24 na wakaingia kwenye rekodi za Guinness.

SWALI: Anko, mi nafuatilia tamthilia za Korea na wao siku hiyohiyo wanaiita Pepero Day, vijiti ni vilevile. Nani kamwiga mwenzie? – *Binti wa Tamthilia*

JIBU: Hapo pana uhondo binti yangu. Biskuti Wakorea waliikuta Japani, siku Wajapani waliikuta Korea. Yaani ngoma droo.

Pepero ya kampuni ya Lotte ilitoka 1983, miaka 17 baada ya Pocky, na ukiviweka pamoja inabidi usome paketi ndo ujue umeshika ipi. Lakini habari ya kusherehekea tarehe 11/11 ilianza huko Korea, na inavyosimuliwa ilianza kwa wasichana wa shule upande wa kusini mashariki, Busan na maeneo ya huko, walikuwa wanapeana Pepero na kutakiana heri, uwe mrefu na mwembamba kama hiki kijiti. Lotte walipoona mauzo yanapanda ghafla kila ikikaribia tarehe hiyo wakaidaka, na kuanzia 1997 wakaanza kuitangaza wenyewe. Glico wamekuja miaka miwili baadaye.

Masharti yake sasa! Kuna simulizi inasema ili dua ipokelewe lazima ule pakiti 11, saa tano na dakika 11 asubuhi, halafu tena usiku muda huohuo. Kwao saa inasoma 11:11, kwa saa zetu za Kiswahili ni saa tano na utani umekufa hapohapo. Na mimi swali langu ni moja tu, pakiti zote hizo za chokoleti kwa siku, huo wembamba utaingilia mlango gani?

Kuhusu kuigana, Glico waliwafikisha Lotte mahakamani Marekani wakidai umbo la Pocky ni lao. Wakashindwa. Mahakama ya rufaa mwaka 2020 ikasema umbo hilo lina kazi, kile kipande kitupu ni cha kushikia, wembamba ni wa kulika kwa urahisi, na kitu chenye kazi huwezi kukifungia kama alama ya biashara, ungeomba hataza, yaani haki ya mvumbuzi. Mwaka uliofuata Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani ikakataa kuisikiliza kesi hiyo.

Halafu wakulima wa Korea wana kinyongo na hiyo Pepero Day, maana tarehe 11 mwezi wa 11 ni Siku ya Wakulima kitaifa tangu 1996, na nayo imetoka kwenye utani! Herufi ya Kichina ya "udongo" ni 土, itenganishe utapata 十 ambayo ni kumi na 一 ambayo ni moja. Kumi na moja. Kwa hiyo 11/11 ni udongo juu ya udongo. Kwangu huu ni utani mzuri kuliko wa vijiti, una akili ndani yake, lakini nani atakusikiliza mwenzio ana chokoleti mkononi? Serikali ikaja na mbinu, 2006 wakaanza kuhimiza watu siku hiyo wale garaetteok, keki ya mchele nyeupe ndefu ya mviringo, ambayo nayo ukiisimamisha ni namba moja.

SWALI: Habari Anko, najifunza Kijapani na mwalimu anasema karibu kila chakula kina siku yake kwa sababu ya namba. Sijamwelewa. – *Mwanafunzi*

JIBU: Salama. Kijapani namba ileile inatamkika kwa njia kadhaa, kwa hiyo tarehe unaweza kuisoma kama neno. Mbili ni "ni", tisa ni "ku", basi tarehe 29 ya kila mwezi ni "niku", nyama, na mabucha yanapunguza bei. Wanatanguliza mwezi ndo siku, kwa hiyo Agosti 7 ni 8/7, "ba" na "nana", banana, siku ya ndizi. Agosti 3 ni "hachi" na "mitsu", asali. Julai 10 ni "na" na "to", natto, yale maharage ya soya yaliyochachushwa yanayovutika kama gundi (mimi hapo napita mbali). Ukishazoea mchezo kalenda nzima inakuwa menyu.

Hata KitKat imeponea humo, kwa masikio yao inakaribia "kitto katsu", hakika utashinda, basi msimu wa mitihani watoto wanapewa kama hirizi.

SWALI: Na madaktari wa meno je, wao wamenyamaza tu? – *Mwenye Jino Bovu*

JIBU: Pole na jino. Hao walianza kitambo kuliko wote! Juni 4 ni 6/4, "mu" na "shi", na jino lililotoboka ni "mushiba", wakaifanya siku ya kuzuia meno kutoboka mwaka 1928. Halafu wana Novemba 8, yaani 11/8, zile moja mbili za 11 zinasomwa "ii", nane ni "ha", "ii ha" maana yake meno mazuri. Angalia tarehe vizuri, ni siku tatu kabla ya Pocky. Unasafisha kwanza ndo unaharibu.

SWALI: Anko, na sisi waongea Kiswahili tutunge yetu basi! – *Mzee wa Vitafunwa*

JIBU: Mzee wangu, kazi ipo, maana kwetu nane ni nane tu, huwezi kuikunja. Nimekuna kichwa nimepata moja: Juni 6. Sita, sita. Siku ya Kusitasita, kwa ajili ya wale wote wanaosimama mbele ya rafu ya vitafunwa nusu saa, mkono huu kwenye biskuti, huu kwenye korosho, foleni nyuma inanuna. Kitafunwa rasmi cha siku hiyo nitakitangaza nikishaamua.